Mzazi wa Siku Kumi na Sita

Jumatatu, saa saba mchana. Joto limetukalia tangu asubuhi, na upande wa Hillbrow, hapa Johannesburg, mawingu yamekuwa na rangi ya chuma. Mvua ya mawe inakuja. Nimezima mashine yangu ya kushona kwa sababu nimeshaharibu kola mbili za sare za shule.

Kule Misuri, Marekani, sasa ni saa kumi na moja alfajiri. Baada ya saa moja mtoto wangu Rehema ataingia kiwandani kukata kuku. Amezaa siku kumi na sita zilizopita. Kichwa kinamuuma, leo siku ya tano.

Nataka asiingie. Yote nitakayoandika hapa leo ni hayo tu.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nimeishia darasa la nne, kwetu Uvira, Kongo. Vita ilifunga shule, na mimi nikafunga daftari. Blogu hii alinifungulia Rehema mwenyewe kabla yeye na mume wake hawajapanda ndege kwenda Marekani, miaka mitatu iliyopita. Akaniambia, "Mama, yale unayoongea peke yako jikoni, yaandike." Basi naandika ninavyoongea. Leo naandika siasa, tena siasa za nchi ambayo sijaikanyaga. Mtacheka. Chekeni, lakini msome mpaka mwisho.

Kwetu mwanamke akizaa anaitwa mzazi, na mzazi ana watu wake. Jengo letu la Berea, hapa mjini, lina ghorofa tisa na lifti ilikufa zamani. Lakini mzazi akitoka hospitali, siku hiyo hiyo tunaandika zamu nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita na kuibandika mlangoni kwake. Siku arobaini. Siku yako ikifika unakuja na maji ya moto, unamkanda mgongo na miguu, unamfunga tumbo kwa kitenge, unapika, unafua nepi, unaondoka. Mama wa Malawi wa ghorofa ya tatu yumo. Dada wa Zimbabwe yumo. Yumo bibi mmoja wa Kizulu wa ghorofa ya chini, na huyo ndiye mkali kuliko sisi sote. Mwaka jana tulimsahau kwenye orodha, akatununia wiki mbili.

Hatuulizani dini wala karatasi. Mwenye zamu anashika zamu.

Rehema alipozaa, kanisa lao la Wakongomani liliandika zamu vilevile. Ilidumu siku tatu. Si kwamba wana roho mbaya, hapana. Kanisa karibu lote linafanya kazi kiwanda kimoja cha kuku, wengine mchana, wengine usiku, na asiyefika anaandikiwa pointi. Pointi zikijaa, kazi imekwisha. Siku ya nne alikuja mama mmoja peke yake, akitoka shifti ya usiku, akalala kwenye kiti taulo ikiwa mkononi. Rehema ndiye aliyemfunika shuka.

Zamu ya kuku imekula zamu ya mzazi.

Likizo ya uzazi ya kulipwa hakuna. Nilidhani sikuelewa, nikamwambia rudia. "Hakuna, Mama." Ile ya kushikiwa nafasi bila mshahara wanapewa waliotimiza mwaka, na yeye ana miezi minane. Iko sheria nyingine ndogo ya kuomba mapumziko ukiwa bado hujapona, lakini lazima uijue, uandike karatasi, na usimuogope msimamizi. Rehema aliuliza kwa mdomo. Msimamizi akamwambia ataangalia. Bado anaangalia. Jamani, nchi inayorusha watu mwezini! Hapa Johannesburg dada anayesafisha ofisi Sandton, kama bosi wake amemwandikisha, anakaa nyumbani miezi minne na mfuko wa serikali unampa kitu.

Halafu bima yake ya hospitali imo ndani ya kazi. Ukifukuzwa kazi, bima nayo imeondoka. Kwa hiyo mgonjwa anakwenda kazini ili asikose kutibiwa ugonjwa ambao kazi yenyewe inauzidisha. Hiyo sentensi nimeifuta na kuiandika mara tatu nikidhani ni mimi mjinga. Si mimi.

Kuna bibi wa Kimarekani jirani yao, Bi Carol, mwalimu mstaafu. Anapita nyumba kwa nyumba na karatasi za binti mmoja anayegombea kiti kule. Jumapili ya juzi alikuwa sebuleni kwa Rehema, na Rehema akanitafsiria kwenye simu. Karatasi inasema kila mtu atibiwe bila kuulizwa anafanya kazi wapi. Mzazi apumzike na mshahara. Watoto wadogo wawe na mahali pa kulelewa. Wafanyakazi wawe na chama bila kutishwa. Walio na mali nyingi sana walipe kodi zaidi. Bi Carol anaiita demokrasia ya kijamii.

Nikamuuliza, si ndio ule ukomunisti? Akacheka. Hapana, kiwanda cha kuku kibaki cha mwenyewe, auze, atajirike. Ila kuumwa na kuzaa na kuzeeka visiachwe kuwa shida ya mtu mmoja na Mungu wake.

Nikamwambia Rehema, mwambie hiyo naijua. Hiyo ni zamu. Ni nchi nzima kuandika majina nyuma ya kalenda.

Mkwe wangu Ezekieli alikuwa nyuma anavaa viatu vya kazi. Akapaza sauti, "Rehe, mwambie Mama hapa ukidai vya bure wanakuita mvivu! Sisi tulikuja kufanya kazi!"

Nikasema, "Mwambie mume wako, ile barabara ya kwenda kiwandani aliitengeneza yeye? Nyumba ikishika moto, wazima moto wataomba kadi ya bima kwanza?"

"Mwambie Mama kodi inaliwa! Serikali inakula!"

Hapo, bana, alinipata. Mimi naishi Johannesburg, nisifundishwe kwamba serikali inakula. Berea hatuna maji tangu Ijumaa, tunapandisha ndoo ghorofa saba. Zipo hospitali hapa unakwenda na shuka lako.

Lakini nimefikiria sana, na jibu langu ni hili. Mtoto wangu wa mwisho, Daniela, nilimzaa hospitali ya serikali hapa hapa, nikiwa na karatasi ya mkimbizi iliyokunjwa mara nane. Nesi alinitukana. Aliniambia tumejaa, mnazaa tu kila siku. Na nesi huyo huyo, damu ilipokataa kusimama, alipanda kitandani kwa magoti, akanikandamiza tumbo kwa mikono yake miwili mpaka daktari akaja. Nikatiwa damu ya watu nisiowajua. Nilipotoka, hakuna aliyenisimamisha mlangoni kuniuliza nitalipa nini. Matusi nilipewa, bili sikupewa. Kliniki mbovu ambayo ni yako unaweza kwenda kuipigia kelele. Ile isiyo yako utaipigia kelele kwa nani?

Nasema "yako" na hapo hapo moyo unashtuka. Maana siku hizi kwenye lango la kliniki yetu wanasimama watu. Si manesi, si polisi. Wanauliza kitambulisho. Mwezi uliopita nilikwenda kuchukua vidonge vyangu vya presha. Kijana mmoja akanitazama kitenge changu, akaniambia rudi kwenu. Nilirudi Berea. Tangu siku hiyo nameza nusu kidonge ili visiishe. Rehema hajui. Sasa anajua, akisoma hapa.

Na ninawaogopea hata wao waliosimama pale. Wameanza na mgeni. Wakishatuzoea kutufukuza, atafuata asiye na kazi, halafu mzee, halafu mzazi. Mimi naiona barabara hiyo inakoelekea, kwa sababu mtoto wangu anaishi mwisho wake. Kule hakuna mtu aliyesimama langoni. Hawahitaji. Watu wanajizuia wenyewe, kwa hofu ya barua ya bili itakayofuata. Rehema alipomzaa Amani, mtoto wake wa kwanza, barua zilikuja mwaka mzima.

Sasa niseme kosa langu, maana siyo Marekani peke yake yenye kosa.

Alhamisi Rehema alinitumia voisi: Mama, kichwa kinaniuma, miguu imevimba hata uso, viatu haviingii, na mkojo unatoka kidogo tu. Nikamjibu nilivyojibiwa na mama yangu. Huo ni uchovu wa uzazi, mwanangu. Funga tumbo vizuri. Kunywa uji wa moto. Na wale ndagala, dagaa wetu wakavu wa chumvi niliokutumia, wapike mchuzi, unywe wote. Ijumaa akasema hakijapoa. Nikasema ongeza mchuzi. Jumamosi tukaomba pamoja. Jana hakutuma kitu, nikafurahi. Nilidhani amepona!

Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa presha. Sikufikiri hata dakika moja kwamba presha inaweza kumshika mtoto wa miaka ishirini na sita aliyekwisha kuzaa salama. Kwangu presha ni ya wamama wanene wanaohema kwenye ngazi.

Leo saa nne asubuhi alikuja hapa karakana yetu ya ushonaji, Doornfontein, Sista Grace, nesi wa Kikenya anayefanya kazi hospitali moja ya watu binafsi kule Sandton. Ninamshonea gauni la harusi ya dada yake. Nilikuwa nambana kiuno kwa pini nilipofungua voisi ya Rehema, aliyoituma usiku akinyonyesha, bila kufikiri. Sauti ikajaa chumba: Mama, leo narudi kazini, kichwa bado, na nikitazama taa naona nyota nyota.

Sista Grace akashika mkono wangu.

"Mama Rehema, hebu rudisha hiyo."

Nikarudisha.

"Amezaa lini?"

"Siku kumi na sita."

"Amevimba miguu?"

"Na uso."

"Aki Mama Rehema, na umekaa tu hapa unanipima kiuno?" Akaanza kuchomoa pini mwenyewe. "Hiyo inaweza kuwa presha ya uzazi. Inakuja hata baada ya mtoto kutoka. Huyo msichana ni hospitali, na ni leo. Anaweza kupata degedege. Anaweza kupasuka mshipa kichwani. Kazi gani tena!"

Nikamwambia habari ya chumvi. Akachomoa pini ya mwisho. "Chumvi peke yake haikuleta hii. Lakini aiache. Na wewe acha kulia, piga simu."

Nilipiga kuanzia saa nne na nusu. Kule ni usiku, simu haikushikwa. Saa sita na nusu akashika, na nikasikia maji ya bomba, ananawa uso.

"Mama, usinitishe. Nimelala vibaya tu."

"Nesi amesema hospitali."

"Nikienda leo ni pointi ya mwisho, Mama. Bima inaisha na kazi. Na Ezeki hajamaliza siku zake za kungoja kupewa bima kiwandani, tuko wote kwenye kadi yangu. Watoto wote wawili. Nikipoteza hiyo, mtoto akiugua nitampeleka wapi?"

"Na wewe ukifa?"

"Mama!"

"Ninakuuliza."

"Nitakwenda Jumamosi. Nimeapa. Jumamosi nina nafasi."

Akakata. Tangu hapo anaona ninapiga na hashiki.

Ndiyo maana naandika, nikingoja dakika ya kumpata mkwe wangu. Ezekieli anafanya shifti ya usiku. Rehema anaendesha gari na watoto wawili mpaka uwanja wa magari wa kiwanda, na kichwa hicho! Ezekieli anatoka, anapokea usukani na watoto, Rehema anashuka, anaingia. Mtoto wa siku kumi na sita anabadilishiwa mikono kwenye giza na baridi. Simu ya Ezekieli inakaa kabatini usiku kucha. Ataiwasha saa kumi na mbili kasoro robo yao, saa nane kasoro robo yangu. Hapo nitakuwa na dakika kumi, labda, kabla Rehema hajaingia.

Na hapa kuna jambo watoto wenu waliozaliwa huku watalishangaa. Mimi na mkwe wangu hatuongei hivyo. Kwetu mama mkwe hamwambii mkwe mambo ya mwili wa binti yake. Miaka sita nimemsalimia kupitia Rehema, nimebishana naye siasa kupitia Rehema, hata pole ya msiba wa baba yake nilimpa kupitia Rehema. Kwa hiyo siku nne hizi nilijua mke wake amevimba, na yeye anayepokezana naye kitanda kimoja hakujua. Rehema alimficha asihangaike. Mimi nikanyamaza kwa heshima.

Heshima! Siku nne.

Radi ya kwanza imepiga. Saa nane kasoro ishirini. Ninaacha kuandika.

*

Saa tisa kasoro kumi.

Ezekieli alishika mara ya tatu. Alishtuka kuona jina langu.

"Mama? Kuna msiba?"

"Bado," nikamwambia.

Kisha nikafumba macho, utafikiri ananiona, na nikasema. Miguu. Uso. Mkojo kidogo. Nyota machoni. Maneno ambayo hata na shemeji yangu sijawahi kuyasema. Nilikuwa nimeshika meza.

Akasema polepole, "Hakuniambia."

"Ndiyo. Na mimi sikukuambia."

"Mama, akikosa leo wanamtoa."

"Najua."

"Na bima..."

"Baba Amani, yote hayo najua. Wewe ndiye uliniambia mlikuja kufanya kazi. Mmeifanya. Mmefanya mpaka mzazi wa siku kumi na sita anaendesha gari usiku akiona nyota. Sasa niambie mvivu ni nani hapa? Usimruhusu ashuke kwenye gari hilo. Nakuomba kama mama yako."

Nikasikia upepo wa kwao, na milango ya magari. Akasema, "Ngoja, naliona gari." Simu ikakatika.

Na mawe yakaanza. Yalipiga bati la karakana mpaka wenzangu wakaacha mashine na kusimama katikati ya chumba. Hakuna aliyeweza kuongea. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili, nikiangalia robo ya saa ikipita, halafu saa nane kamili, halafu na dakika tano. Saa nane ndiyo mlango wa kiwanda unafungwa. Akishaingia, simu yake nayo inawekwa kabatini mpaka jioni yao.

Katika dakika hizo nilifikiri jambo moja. Bi Carol anasema karatasi ile haitapita mwaka huu, labda wala mwaka ujao. Wengi kule wanaiogopa, hata maskini wanaiogopa, wamefundishwa kuiogopa mpaka mkwe wangu mwenye miaka mitatu tu nchini anaongea maneno yao. Rehema hana kura kule. Mimi sina kura kule wala hapa. Lakini ninyi mnaonisoma, mko wengi wenye dada na kaka waliopata uraia Marekani. Wapigieni. Msiwaombe hela safari hii. Waambieni mwenye kura asimpe anayesema kuzaa ni shida yako mwenyewe. Sheria ya wote haihitaji mtu awe jasiri. Haihitaji ajue kuandika barua. Haihitaji mama mkwe avunje miiko kwenye simu akiwa bara lingine.

Saa nane na dakika ishirini na mbili ikaingia voisi ya Ezekieli. Nitaiandika ilivyo.

"Mama, nisikudanganye. Sikumzuia. Nilimwambia uliyosema, akasema Ezeki tutakula nini. Nikamwachia aamue. Amefungua mlango, ameweka mguu chini, akasimama. Akaniambia, mbona wamezima taa za upande huu? Mama, taa zote zilikuwa zinawaka. Nimemrudisha ndani. Naendesha. Watoto wako nyuma. Tuombee."

Nyuma ya sauti yake mtoto mchanga analia, na Rehema simsikii.

Tangu hapo kimya. Sijui kama wamefika. Sijui wamempima ngapi. Sista Grace ameniandikia kwamba wakifika mapema dawa ipo, inachomwa, na wengi wanapona. Nimemuuliza mapema ni lini. Hajajibu.

Mvua imekwisha, mtaa mzima ni mweupe wa mawe na watu wanatembea juu yake kwa uangalifu. Mimi bado niko hapa kati ya mashine. Najua kabisa kwamba kama angeziona taa zile zote, saa hii angekuwa amevaa glavu, ameshika kisu, kuku wanapita mbele yake. Si mimi niliyemrudisha, si mume wake, wala si sheria yoyote ya nchi ile.

Nimepiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba mtoto wangu ameshindwa kuona. Nimeshukuru kwa sauti, wenzangu wamesikia. Mama gani anaomba hivyo?